Tusisubiri figo ya kuchapwa: kusini tuulize ini la majaribio ni la nani

Aprili 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mpango wa kuachana hatua kwa hatua na ulazima wa kupima dawa kwa wanyama, ikianza na dawa za kingamwili, yaani zile zinazotengenezwa kwa protini za kinga ya mwili. Badala ya panya, mbwa na nyani, wenye viwanda wanahimizwa kutumia programu za kompyuta pamoja na tishu za binadamu zilizotengenezwa maabara. Habari hiyo imetufikia huku kusini mwa Tanzania ikiwa imepinda. Katika makundi ya WhatsApp ya Mtwara, Masasi na Lindi inatembea sambamba na video za mashine inayodondosha matone ya jeli mpaka umbo la moyo linatokea, na chini yake maneno yanayosema viungo vya binadamu sasa vinachapwa kwa printa, foleni za figo zinakwisha, nasi tujiandae kuinunua mashine hiyo kwa ajili ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo.

Matumaini hayo nayaelewa, na simkejeli aliye nayo. Lakini yanaelekezwa mahali pasipo na kitu, na wakati huohuo yanatupotezea jambo lililo karibu zaidi nasi. Teknolojia ya kuchapa tishu hai imeshaingia sokoni, ila soko lake si la viungo vya kupandikiza. Ni soko la mashine, la jeli, la viunzi vya mifupa visivyo na uhai, na zaidi ya yote la tishu ndogo za kupimia dawa kabla hazijamezwa na mtu. Kwa wakazi wa Mtwara na Lindi, swali la kuuliza sasa ni hili: maini yanayopimiwa dawa tutakazoandikiwa kesho yametoka katika miili ya watu gani, nasi tuna nafasi gani katika biashara hiyo? Jibu lake linaandaliwa sasa, katika ofisi ambazo hakuna anayetokea kusini.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Printa ya 3D ilibuniwa Marekani na Charles Hull miaka ya 1980. Inajenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson alichukua printa za kawaida za ofisini, zile za wino, akazitumia kudondosha seli hai. Wazo likakua. Seli huchanganywa na jeli laini inayozishika zisitawanyike na kuzipa unyevu na chakula, kisha mchanganyiko huo hukamuliwa kupitia sindano nyembamba kwa mpangilio maalumu. Mwaka 2007 kampuni ya Organovo ilianzishwa Marekani, na kufikia 2009 ilikuwa na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara, si kwa utafiti wa chuo peke yake. Tangu hapo kila mwaka umekuja na ahadi zake.

Kinachokwamisha viungo vizima ni damu. Seli ikikaa mbali na mshipa kwa zaidi ya takriban sehemu ya tano ya milimita, oksijeni haiifikii na inakufa. Ndiyo maana mwilini mwetu vimishipa vyembamba kuliko unywele vimepenya kila kona ya ini, figo na moyo. Kuchapa umbo la figo ni rahisi. Kazi iko katika kuchapa mtandao wa mishipa usiovuja wala kuziba, ukapitisha damu kwa shinikizo la mwili wa mtu mzima saa ishirini na nne kwa miaka kumi, huku seli za aina mbalimbali zikifanya kila moja kazi yake. Mwaka 2022 kampuni za United Therapeutics na 3D Systems zilionyesha kiunzi cha pafu kilichochapwa, chenye takriban kilomita 4,000 za vimishipa na vifuko vya hewa milioni 200. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo kilikuwa kiunzi tu, bado hakijajazwa seli zinazopumua. Mpaka leo hakuna figo, ini, moyo wala pafu la kuchapwa lililoruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya kupandikizwa katika nchi yoyote duniani.

Yako mafanikio katika miili ya watu, nayo yanatufundisha tukiyatazama kwa makini. Juni 2022 kampuni ya 3DBio Therapeutics ilitangaza kwamba mwanamke wa miaka 20, aliyezaliwa na sikio moja lisilokamilika, alipandikizwa sikio lililochapwa kwa seli zake mwenyewe huko San Antonio, Texas. Mwaka 2023 madaktari wa Seoul, Korea Kusini, walimpandikiza mgonjwa kipande cha koo la hewa kilichochapwa. Sikio limejengwa kwa gegedu, tishu isiyo na mishipa yake ya damu, na koo la hewa ni bomba. Mafanikio yamekuja pale ambapo tatizo la damu ni dogo. Anayetoka kwenye sikio akaruka mpaka kwenye figo anavuka mto mpana bila daraja.

Basi fedha zinapatikana wapi? Kwanza kwa wanaouza vifaa. Cellink, iliyoanzishwa mwaka 2016 huko Gothenburg, Sweden, ilitambua kwamba watafiti wengi walikuwa wakijipikia jeli zao wenyewe kila maabara kwa namna yake. Ikaanza kuwauzia jeli iliyo tayari, ya selulosi ya miti na alijineti inayotokana na mwani, pamoja na mashine ndogo ya mezani iliyouzwa chini ya dola 10,000. Biashara ikashamiri bila kuahidi moyo kwa mtu yeyote. Pili ni viunzi vya mifupa visivyo na seli hai: mwishoni mwa 2023 FDA iliruhusu kiunzi cha mfupa wa uso cha kampuni ya Dimension Inx, kinachochapwa na kuwekwa palipovunjika ili mwili wenyewe uoteshe mfupa juu yake. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kitakachofika hospitali zetu mapema kuliko vyote, hasa tukikumbuka ajali za bodaboda zinazojaza wodi za mifupa. Tatu ni tishu za kupimia dawa, na hapa nitakaa zaidi.

Novemba 2014 Organovo ilianza kuuza huduma ya ini la majaribio: vipande vidogo vya tishu vilivyochapwa kwa seli za maini ya binadamu, vikaishi na kufanya kazi ya ini kwa wiki kadhaa, wakati seli zilizotandazwa bapa kwenye sahani hupoteza tabia yake ndani ya siku chache. Kiwanda cha dawa kinaleta kemikali yake, inadondoshwa juu ya tishu, na madhara yanaonekana kabla ya mgonjwa yeyote kuguswa. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni hiyo walichapisha kazi iliyopima trovafloxacin, dawa ya kuua bakteria, kwa njia hii, na tishu zikaonyesha madhara ambayo dawa ya jamii hiyohiyo, levofloxacin, haikuyaonyesha.

Jina hilo la trovafloxacin linapaswa kutushtua sisi Waafrika. Ndiyo dawa ambayo Pfizer iliijaribu kwa watoto huko Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Watoto 200 waliingizwa katika jaribio, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu nyingine dawa iliyozoeleka; kumi na mmoja walifariki katika makundi yote mawili. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo iliyosababisha vifo, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Marekani kwenyewe dawa hiyo iliruhusiwa mwishoni mwa 1997, kisha mwaka 1999 matumizi yake yakabanwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiharibikiwa maini, jambo ambalo majaribio ya wanyama hayakuwa yamelionya ipasavyo. Sisemi kwamba ini la kuchapwa lingewaokoa watoto wa Kano, kwani haki yao ilivunjwa kabla hata ya kufika kwenye ini. Nasema kwamba kifaa kinachoweza kuona hatari hiyo ndani ya maabara ni kitu kizito, na anayekiita mchezo wa matajiri hajatafakari ni miili ya akina nani iliyotumika zamani badala yake.

Pamoja na uzito huo, Organovo haikutajirika. Katika miaka yote ya kuuza huduma hiyo mapato yake hayakuvuka dola milioni 5 kwa mwaka, wakati gharama zilikuwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2019 ilisitisha mpango wake wa kutengeneza ini la tiba ikatafuta njia nyingine, na 2025 iliuza mradi wake wa dawa kwa kampuni ya dawa ya Eli Lilly, ikabadili jina kuwa VivoSim Labs na kurejea kwenye kupima dawa. Wapo wanaoisoma historia hii kama ushahidi kwamba teknolojia yenyewe ni porojo. Mimi naisoma tofauti. Kampuni iliuza ndoto ya kiungo kizima kwa wanahisa, huku bidhaa iliyokuwa nayo mkononi ikihitaji mnunuzi mwenye sababu ya kisheria ya kuinunua. Mnunuzi huyo hakuwapo, kwa kuwa sheria ya Marekani ilikuwa bado inadai wanyama. Desemba 2022 sheria hiyo ilibadilishwa, na Aprili 2025 ukaja mpango wa FDA niliotaja mwanzo. Kwa mara ya kwanza tishu za maabara, ziwe za kuchapwa au za kuoteshwa kwa njia nyingine, zinapata soko linalotokana na kanuni. Hiyo ndiyo habari ambayo video za moyo zimeifunika.

Sasa tujiulize: ini la majaribio linatengenezwa kwa seli za nani? Seli hutoka kwa watu waliotoa viungo vyao vikashindikana kupandikizwa, au kwenye seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine, zilizohifadhiwa katika benki za maabara, na sehemu kubwa ya benki hizo ziko Marekani, Ulaya na Japani. Ini ndilo linalovunjavunja dawa nyingi tunazomeza, na vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa sababu za urithi. Mfano wetu wa karibu ni efavirenz, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyotumika nchini kwa miaka mingi kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake. Huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, na Afrika kuna watu wengi wenye aina ya kimeng'enya hicho inayofanya kazi polepole. Dawa hulundikana kwenye damu, mtu akapata kizunguzungu, ndoto za kutisha na kukosa usingizi. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia ulionyesha kwamba hata hao hawafanani: Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa kwenye damu kwa dozi ileile. Jambo hilo lilijulikana watu wakiwa wameshaanza kumeza vidonge. Ikiwa tishu za kupimia dawa zitachukua nafasi ya wanyama, na tishu hizo zikatoka kwa wachache wa upande mmoja wa dunia, tutakuwa tumebadilisha panya kwa mtu ambaye bado si sisi.

Kuna pingamizi la kweli hapa, na halistahili kupuuzwa. Baadhi ya wasomi wanahofu kwamba kuzungumzia ini la Mwafrika kunafufua fikra za kibaguzi zilizodai watu weusi wameumbwa tofauti. Wana haki ya kuogopa. Hata hivyo mfano wa efavirenz unajibu hofu hiyo vizuri kuliko hotuba yoyote, kwa sababu hauonyeshi ini la Mwafrika kama kitu kimoja. Bara letu lina tofauti nyingi za urithi kuliko mabara mengine yote, kiasi kwamba sampuli ya Addis Ababa haiwezi kumsemea mtu wa Tandahimba, wala ya Lagos haimsemei mtu wa Liwale. Ninachodai ni wingi wa watu ndani ya majaribio, wala sidai dawa za rangi ya ngozi.

Nigeukie sasa hoja zinazosikika hapa nyumbani. Wenye shauku wanasema tununue mashine leo, vijana wajifunze, kwa kuwa hata simu za mkononi zilitufikia ghali zikaishia kila kiganja, na M-Pesa ikatuvusha hatua ambazo wenzetu walizipita kwa taabu. Sehemu ya hoja hii ina nguvu. Mashine kweli si ghali kama tunavyodhani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha namna ya kuchapa jeli za mwili kwa printa ya kawaida iliyogharimu chini ya dola 1,000, na vijana wa kituo cha ubunifu cha Buni Hub jijini Dar es Salaam waliwahi kuunda printa ya 3D kutokana na taka za kielektroniki. Kijana wa chuo cha ufundi cha VETA Mtwara anaweza kuunda mashine. Lakini kwamba bei ya tishu itashuka yenyewe kama ilivyoshuka ya simu, hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Simu ikishabuniwa inanakiliwa kwa mamilioni, kila moja sawa na mwenzake, na inakaa kwenye sanduku mwaka mzima bila kuharibika. Tishu hai haina nakala ya namna hiyo. Kila fungu linaanza na seli za mtu fulani, linalishwa kila siku, linapimwa vijidudu, linasafirishwa kwa baridi kali au joto maalumu, na likikatikiwa umeme usiku mmoja limekwisha. Mashine ni sehemu ndogo ya gharama. Hospitali itakayopewa bayoprinta, yaani printa ya tishu hai, bila maabara safi, bila umeme wa uhakika na bila mtaalamu wa seli itakuwa imepewa pambo la kuzinduliwa na kiongozi.

Upande wa pili wako wanaosema haya si ya kwetu. Wodi zina upungufu, mama anajifungua akiwa amebeba vifaa vyake kwenye beseni, mabusha bado yanawatesa wazee wa pwani, halafu mtu anaandika habari za kuchapa maini. Hoja hii inaniuma kwa sababu kila neno lake ni kweli. Upandikizaji wa figo wenyewe ulianza kufanyika nchini Novemba 2017 pale Muhimbili, kwa figo ya ndugu, na mgonjwa wa kusini bado analazimika kufikiria safari, malazi na miaka ya dawa baada ya upasuaji. Shemeji yangu mmoja wa Masasi, ambaye mumewe anasafishwa damu, aliniuliza kama wauze shamba la mikorosho wasubiri figo ya mashine. Nilimwambia asiuze hata mti mmoja kwa ajili ya hilo, na kwamba kama kuna ndugu aliye tayari kutoa figo, mazungumzo ya familia yafanyike sasa. Nilijisikia vibaya kumvunja moyo, lakini ahadi za mitandao zilikuwa zimeanza kumchelewesha.

Pamoja na hayo, wanaosema tusubiri wanachanganya matumizi na maamuzi. Kununua mashine kunaweza kusubiri. Kanuni ya nani awemo ndani ya majaribio haisubiri, maana inaandikwa sasa, na ikishazoeleka kuibadilisha kutachukua kizazi kizima. Tena kuitolea sauti hakuhitaji kukata bajeti ya wodi hata moja.

Kuhusu malighafi, watu wa kusini wana uzoefu ambao ungetosha kuwafundisha wengine. Korosho yetu imeondoka ghafi kwenda Vietnam na India miaka nenda rudi, ikabanguliwa huko, huku viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikigeuka maghala. Stakabadhi ghalani na minada ya vyama vikuu imemwongezea mkulima nguvu ya kujadili bei, ila haijabadilisha anayebangua ni nani. Sasa itazame pwani kuanzia Kilwa kushuka hadi Mtwara. Kilimo cha mwani, kilichoanzia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufika bara baadaye, kinabebwa zaidi na akina mama wanaoingia maji yakitoka, kamba na vigingi mkononi. Spinosum na cottonii, aina mbili za mwani wanazolima, zinaanikwa, zinafungwa kwenye viroba na kusafirishwa zikiwa kavu, kilo moja ya spinosum ikihesabiwa kwa mamia ya shilingi kwa miaka mingi. Huko nje zinakamuliwa karajini, inayogandisha maziwa, dawa ya meno na, katika maabara kadhaa, jeli za kuchapia tishu.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu nimeshaanza kusikia watu wakisema mwani wetu ndio wino wa mashine hizo. Jeli inayotumika zaidi ni alijineti, nayo hutoka kwenye mwani wa kahawia, si huu mwekundu tunaoulima. Karajini inafanyiwa utafiti, hasa ile ya cottonii, lakini bado haijashika soko hilo. Juu ya hapo, jeli ya kuingia mwilini au hata ya kulea seli lazima isafishwe kwa kiwango ambacho hakuna kiwanda chochote cha kusini kinachokikaribia. Mabaki madogo tu ya bakteria yanaweza kuzivuruga seli. Kwa hiyo anayewaambia akina mama wa Lindi waongeze mashamba kwa sababu ya bayoprinta anawadanganya. Hatua ya kwanza ni kukamua karajini ya chakula hapahapa, na yenyewe inahitaji maji safi, umeme na mtaji. Baada ya hapo ndipo kemia ya usafi wa maabara inapowezekana. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa Lindi ina nafasi ya kulichukua jambo hili, kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kilivyochukua la ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu kwenye mikorosho, kikatafiti na kuwafundisha wakulima mpaka zao likafufuka. Utafiti wa kusini umewahi kulipa.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawauoni. Jeli nyingi za kuchapia tishu zinatumia gelatini, na sehemu kubwa ya gelatini ya maabara hutoka kwenye ngozi ya nguruwe. Kwa tishu ya kupimia dawa pengine hilo halimgusi mtu. Lakini kiunzi kitakachowekwa ndani ya mwili wa Mwislamu wa Kilwa au wa Mikindani ni jambo la kuulizwa waziwazi kabla ya upasuaji, si baada. Masheikh watakuwa na kauli yao juu ya dharura na juu ya kitu kilichobadilika umbile. Mgonjwa naye ana haki ya kuambiwa. Zipo njia mbadala: gelatini ya samaki, kolajeni ya binadamu ambayo kampuni ya CollPlant ya Israel inaizalisha ndani ya mimea ya tumbaku, na jeli za mwani. Soko la wagonjwa Waislamu duniani ni kubwa, na nchi zenye pwani, samaki na waumini zingekuwa za kwanza kuuliza swali hili. Sijaona tukiliuliza.

Jambo la mwisho ni sampuli, na kusini tuna historia yake. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, na kirusi chake kikatengwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa wa Newala. Chanjo ya kwanza iliruhusiwa Marekani Novemba 2023, miaka sabini baadaye, kwa watu wazima walio katika hatari ya kuambukizwa, wakiwemo wasafiri wanaokwenda nchi kama yetu. Hakuna sheria iliyovunjwa katika mlolongo huo, na sayansi iliyofanyika Newala ilikuwa ya manufaa kwa dunia nzima. Ila hakuna karatasi iliyosema watu wa uwanda ule watafikiriwa lini. Marekani, familia ya Henrietta Lacks, mama mweusi ambaye seli zake zilichukuliwa mwaka 1951 bila ridhaa na zikauzwa duniani kote, ilifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher mwaka 2023. Nao walisubiri zaidi ya miaka sabini.

Seli za kuchapia maini ya majaribio zitatafutwa Afrika. Mantiki ya soko jipya inalazimisha hivyo: kampuni itakayotaka dawa yake ikubalike kote itahitaji tishu za watu wa kote. Watakaokuja watakuja kwa heshima, wakiwa na fomu za ridhaa na labda fedha za ukarabati wa maabara. Hapo ndipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, inapotakiwa kuwa na masharti yaliyo tayari badala ya kujadiliana na kila mgeni upya: seli zinazozalishwa kutoka sampuli ya Mtanzania zibaki pia katika benki iliyo nchini, mtoaji ajue kwamba seli zake zinaweza kuuzwa kama bidhaa kwa miongo mingi, na jamii ilikotoka sampuli iwe na fungu lililoandikwa kwa namba. Fomu hiyo isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka Nanyamba na Nachingwea, na muuguzi anayeisoma awe na ruhusa ya kumwambia mtu kwamba anaweza kukataa bila kupoteza tiba yake.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo ina nguvu ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Mwaka 2018 ikawa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, na kauli yake inasikilizwa na majirani. Inaweza kuanza na swali moja katika fomu ya kusajili dawa mpya: ikiwa usalama wa dawa hii umepimwa kwa tishu za binadamu za maabara, tishu hizo zimetoka kwa watoaji wangapi, wa maeneo gani, na je, wamo wenye aina za vimeng'enya zinazopatikana kwa wingi Afrika Mashariki? Swali hilo halizuii dawa wala haliongezi gharama kwa mgonjwa wa Ligula au Ndanda. Mwanzoni kampuni nyingi zitajibu kwamba hazina takwimu hizo, na majibu hayo yakirundikana mezani yatakuwa sababu ya wao kuja kuzitafuta kwa masharti tuliyoyaandika sisi.